Mzunze Wetu Umerudi Ndani ya Chupa

Mwanangu Kadzo, uliye huko Doha,

Chupa yako imefika. Nilidhani ni marashi. Nikampa Mama Riziki wa jirani anisomee hicho Kiingereza chake, maana shule wajua niliishia wapi. Akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Kadzo, mtoto kakutumia mzunze!"

Mzunze, Kadzo! Wengine huuita mlonge, na huko mliko wauita moringa, wausaga na kuutia kwenye vidonge. Na si wewe uliyempigia fundi simu mwezi uliopita aukate wetu, ati geti lipate nafasi? Mimi nalia, wewe wasema, "Mama, ni mti tu." Leo mti tu umekuwa dawa ya magoti yangu?

Umesahau ulikunywa nini. Hapa Mwakirunge maji ya kisima yalikuwa yatoka meupe kwa vumbi la machimbo. Wewe ndiwe uliyeokota maganda makavu chini ya mzunze, ukatoa mbegu na kuzimenya, mimi nikatwanga. Unga wake tukauchuja kwa kitambaa, tukaukoroga ndooni, maji yatakate. Kisha wachuchumaa, pua karibu iingie majini.

"Mama, tope limelala?"

"Bado. Litazame tu."

"Na sasa?"

Hukujua kungoja, na hujajua hata leo.

Jumatatu fundi karudi na saruji. Asema umemwagiza amwage ua mzima, kisiki nacho kifunikwe. Nikaenda nikakikalia, chupa yako mkononi.

"Mama, inuka, dada ataniuliza."

"Akikuuliza, nawe muulize alikunywa maji ya nani."

Akaenda zake akinung'unika. Saruji iko barazani, na kesho asema yuaja tena. Nami nitakaa papo hapo, jua liwake, mvua inye.

Unakula lakini? Juzi sauti yako ilikuwa na mafua. Usinifiche, nakosa usingizi nikikuwaza.

Sasa nisikize. Kile kisiki kimechipua. Machipukizi mawili, yameshanifika magotini, kwenye haya haya magoti unayoyatafutia dawa. Mpigie fundi leo, kwa mdomo wako mwenyewe, umwambie geti aliweke upande wa kisima. Chupa sitaifungua mpaka nikusikie.

Hasira yangu bado haijalala, Kadzo. Itazame tu.

Ni mimi mamako, niliyekaa juu ya kisiki.