Kidole Gumba na Chupa ya Mama Barasa

Malaba, Jumatano mchana

Makomredi wangu wa mapambano ya nyumba moja: Mama, mwenyekiti usiyepingwa, kaka Mwakio, na dada yangu Mkamburi,

Nawasalimu kutoka mpakani. Mama, goti limepoa? Mvua imefika huko Voi, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima wa mwili. Tangu chuo kinisimamishe masomo kwa ule mgomo wa maji ya hosteli, nawe ukanituma kwa kaka yako ili nitulie, nimetulia kadiri awezavyo mtu anayelala hatua thelathini kutoka kwenye foleni ya malori ya kwenda Uganda.

Utulivu, hata hivyo, si ajenda ya barua hii. Mama, keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kidonda cha Mjomba Wandera, kile cha kidole gumba cha mkono wa kulia, hakikupona. Sukari imekila. Kesho asubuhi madaktari watakikata. Mjomba alinikataza kukwambia kwa simu. Alisema utalia, naye atalia, na hakuna atakayemsikia mwenzake.

Mnajua anavyopiga gitaa. Hutumia vidole viwili tu: gumba linabeba besi, cha shahada kinaimba juu. Gumba likiondoka, nusu ya bendi imekwenda. Na wimbo wa Kukhu, bibi yetu aliyebeba dagaa wa omena kichwani kutoka Sio Port hadi soko la Matayos, ulikuwa bado haujarekodiwa popote. Mjomba aliupiga mara moja, kaburini siku ya mazishi yake, wakati wewe, Mama, ulikuwa wodini ukimzaa Mkamburi. Uliponipandisha basi ulinipa kazi moja: "Kaniletee ule wimbo." Nilidhani nina miezi. Nilikuwa na siku tano.

Kaka Mwakio, ulinishauri nimpeleke studio mjini Busia. Nilimweleza. Alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Nilienda huko zamani," akasema. "Kijana akaniambia, mzee, hiyo chupa ya mama iache nje, tutaweka ngoma ya kompyuta. Nikamwambia, boss, basi na mimi niko nje."

Chupa yenyewe ni ya soda, ile yenye mistari ubavuni. Mkewe, Mama Barasa, huikwaruza kwa msumari, kwata-kwata-kwata, na gitaa hukanyaga juu ya mkwaruzo huo. Ndivyo walivyopiga tangu uchumba wao. Kwa hiyo nikaapa: wimbo utarekodiwa hapa nyumbani, kwa masharti ya wenyewe!

Jumamosi nilipakua programu ya kwanza kwenye laptopu yangu kuukuu, kwa sababu wakubwa wa muziki huitumia. Ilifunguka na vitufe vingi kuliko nitakavyovielewa maishani. Ikadai intaneti, ikadai nijisajili, kisha laptopu ikaganda. Hapo nilijifunza somo la kwanza: anayeanza asichague chombo kwa ukubwa wa wanaokitumia.

Jumatatu nikageukia programu ya simu, iliyojigamba kuwa rahisi kwa kila mtu. Kitufe kimoja, kazi nyingine yote inajifanyia. Tulitundika mablanketi dirishani ili kupunguza mingurumo ya malori. Mjomba akafungua bendeji, akapiga wimbo mzima huku jasho likimtiririka. Alipomaliza, kidole kilikuwa kinavuja damu. Nikabonyeza tusikilize.

Gitaa lilikuja safi kama maji ya kisima. Sauti ya Mjomba ilikuja. Chupa haikuwepo.

Tulisikiliza mara ya pili. Mama Barasa alisimama na msumari mkononi.

"Wakesho, mimi niko wapi?"

Nikatafuta kwenye mipangilio. Programu ile husafisha kelele yenyewe bila kuuliza. Ilisikia mkwaruzo, ikauhesabu kuwa vumbi, ikaufuta, na haikuhifadhi sauti ya asili. Nilimweleza ukweli.

"Kwa hivyo mimi ni takataka?" akasema. "Miaka yote nampigia huyu mzee, simu ya mtoto wa wifi yangu Nafula inanifagia!" Akaitupa chupa kwenye beseni la vyombo, akaenda zake sokoni.

Makomredi, sikuwahi kuaibika hivyo hata mbele ya kamati ya nidhamu. Barua ya chuo iliyaita madai yetu ya maji "kelele", nami niliichana barua hiyo hadharani. Lakini nyumbani kwa mjomba wangu nilikabidhi kwa mashine mamlaka ya kuamua sauti ipi ni muziki na ipi ni uchafu. Kijana wa studio angalau alisema mapema. Mimi sikuuliza!

Mjomba alifunga bendeji yake taratibu. "Hii kidole iko na mara moja tu imebaki," akaniambia. "Jana ilikuwa mbili."

Jumanne yote nilitafuta. Sasa nilijua cha kutafuta: programu ya bure, ifanye kazi bila intaneti, iwe na kitufe chekundu cha kurekodi na cheusi cha kusimamisha, ihifadhi sauti jinsi ilivyoingia, na isiguse chochote mpaka niiamuru. Niliipata, nikaiweka kwenye laptopu. Sura yake ni ya kizamani, haina madoido. Ukirekodi, sauti inachorwa kama milima kwenye kioo. Sauti ikizidi hadi vilele viguse ukingo, unasogeza maikrofoni mbali kidogo. Basi. Safari hii sikumsumbua Mjomba. Nilichukua chupa mwenyewe, nikaikwaruza, nikasikiliza. Kwata-kwata-kwata. Ilikuwepo.

Nikampelekea Mama Barasa laptopu kibandani kwake sokoni, nikamvisha visikilizio masikioni mbele ya wateja.

"Nani huyu anapiga vibaya hivi?" akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Unakwaruza kama unaparua samaki." Akavua visikilizio. "Kesho saa tatu. Nitakuja na chupa yangu."

Leo saa tatu tulikuwa tayari. Maikrofoni ndogo ya waya niliifunga kwenye stuli, usawa wa goti la Mjomba. Nikabonyeza kitufe chekundu. Ubeti wa kwanza, Kukhu anatoka Sio Port. Ubeti wa pili, anavuka mto na beseni kichwani. Lori likapiga honi ndefu nje. Nikanyoosha mkono nisimamishe. Mjomba akanikazia macho, akaendelea. Katika ubeti wa tatu gumba likagoma. Niliona likikataa kukunjika. Besi ikakatika, kisha gitaa lote likanyamaza.

Mama Barasa hakunyamaza. Hakumtazama mumewe, hakunitazama mimi. Aliendelea tu kukwaruza, mwendo uleule. Mjomba akafumba macho akaimba juu ya mkwaruzo wa chupa tu. Mwishoni kidole cha shahada kikarudi, kikapiga sauti chache za juu, wimbo ukafika nyumbani.

Nilimwambia Mjomba kwa sauti ndogo kwamba programu hii inaniruhusu kuondoa ile honi, na pengine kuliziba pengo kwa besi ya ubeti wa kwanza.

"Kesho daktari atakata," akasema. "Wewe leo usikate kitu."

Sijakata kitu. Wimbo wote umo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu niliyoibandika chini ya karatasi hii. Sikuutuma kwa simu kwa sababu simu huikamua sauti njiani, nami nimeshachoshwa na mashine zinazopunguza watu. Dereva wa basi la jioni atamkabidhi Mwakio mkononi.

Nisalimieni Baba Mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi Mghoi wa kwaya. Shangazi mwambieni aje, ila asisahihishe sauti ya mtu. Mjomba anakusalimu, Mama. Anasema amechelewa kuuleta wimbo, umsamehe.

Binti yenu na komredi wenu,
Wakesho

Tangazo: Kikao cha kusikiliza ni sebuleni kwa Mama. Redio ya jirani izimwe. Gitaa litakaponyamaza katika ubeti wa tatu, msidhani kadi imeharibika. Ngojeni na chupa ya Mama Barasa. Nasi tutasikiliza wakati huohuo, kando ya kitanda cha Mjomba. Jumapili, saa kumi kamili za jioni.