Ati Oulèye Kapita Kama Risasi

“Oulèye kapita hapa kama risasi! Huyu anaikokota baiskeli!”

Ngoné, shoga yangu, huyo anayekokota ni mimi! Nimesimama Lompoul, wanawake wawili majirani wanabishania miguu yangu mbele yangu.

“Dior, huna macho? Oulèye katoka Saint-Louis, upepo unamsukuma mgongoni. Huyu katoka Kayar peke yake, unampiga usoni pwani nzima!”

Kutwa, shoga! Mchanga mpaka kwenye meno, na kila kijiji ni Oulèye, Oulèye. Nami nilikataa kuanzia safari hii ya pwani Saint-Louis kwa sababu yeye ndiye aliyepachagua kwanza. Unajua mimi namshinda!

Nikamwambia Dior, “Kwa upepo ule hata gunia tupu lingefika.”

Akacheka. “Una wivu, mwanangu, na una njaa. Ingia ule. Kaa pale pale alipokaa Oulèye.”