Uji Haukugeuka Buluu

Rumonge, 18 Juni 1972

Kaka yangu mpendwa Shafii,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana.

Uliuliza habari za kidonda chake cha shavuni, ukasema kama hakijakauka utarudi kumchukua. Kaka, wa dispanseri walisema ni kansa. Mwalimu wetu wa sayansi, Mesiye Amuri, alitueleza kwamba ile dawa nyekundu, eozini, ikipakwa kisha ikapigwa na jua, huigeuza oksijeni ya hewani ikawa kali hata ikaua nyama mbaya. Ikizidi, huunguza na nyama nzima. Kwa hiyo lazima ipimwe. Alinifundisha kupima kwa uji mwepesi wa muhogo, uliotiwa eozini na chumvi ya iyodi: oksijeni kali ikitokea, uji hugeuka buluu.

Kila asubuhi Mama alikaa uani, kikombe cha uji kando yake. Buluu ikikolea, namwingiza ndani. Jirani yetu Chausiku alimtania kwamba bibi mzima anajipaka rangi, anatafuta bwana wa pili. Mama akamjibu kwamba kelele za yule wa kwanza zilimtosha. Tulicheka. Kingo za kidonda zilianza kukauka.

Halafu askari walimtoa Mesiye Amuri darasani, chaki ingali mkononi. Hajarudi, na anayemwulizia huambiwa anyamaze. Siku hizi mtu akionekana uani huulizwa anamngoja nani. Chausiku aliulizwa, nyumba yake sasa imefungwa. Mama anakaa ndani. Nimeweka kikombe dirishani, penye upenyo wa mwanga. Uji haugeuki.

Sasa nikwambie. Mama amenituma nikuandikie kwamba kidonda kimekauka kabisa, ili usirudi. Yuko hapa anaitazama kalamu, kusoma hajui. Lakini Mesiye Amuri alitukataza kuandika tunachotamani badala ya tulichokiona. Kidonda kimefika jichoni, Kaka. Hata hivyo nakuomba usije. Wanawatafuta waliosoma, na jina lako limekwisha kutajwa mlangoni kwetu.

Nasoro, mvuvi wa Kabonga anayekuletea barua hii, amekubali kutuvusha ziwa tuje huko. Kikombe nitakibeba. Mpe jibu la jambo moja tu: huko kwenu, mtu anaweza kukaa uani juani bila kuulizwa?

Mama ananiuliza kama nimekwisha kuandika kwamba amepona. Nimemwambia ndiyo.

Wasalimie wote wanaotukumbuka.

Mdogo wako,
Zuwena