Siku Radi ya Chapwa Ilipoanza Fainali Bila Kipa

Kaka yangu Yona,

Shikamoo. Najua utaitikia shingo upande, lakini itikia. Barua hii naibandika kwanza kwenye kibanda cha kunyolea hapa Chapwa, Tunduma, watu wote waisome, ndipo niipige picha nikutumie huko Makambako unakopakia mbao. Nataka urudi kudaka, na najua kilichokukimbiza.

Unaukumbuka ule msimu? Radi ya Chapwa, timu ya viatu vya mtumba, mabingwa wa wilaya! Mabao mengi niliyafunga mimi, ukibisha tuhesabu upya. Wewe golini ulikuwa si haba. (Natania, usikunje ndita.) Kule Ihanda mvua ilinyesha mpaka mpira ukawa unaelea. Lile jitu lao la mbele likakupigia kelele, "Kipa, leo unalala kwenye tope!" Ukamjibu, "Basi njoo unitandikie." Ukadaka kila kitu. Tukarudi juu ya Fuso, tumekalia magunia ya kahawa, wewe unaimba vibaya kuliko mbuzi.

Halafu fainali, hapa hapa nyumbani. Saa kumi jioni filimbi inataka kulia, kipa hayupo. Kipa wa akiba yuko msibani Vwawa. Kocha akanitazama. "Edo, si unasema unaweza kila kitu? Kaa golini." Jamani! Mfungaji bora nikavaa glavu. Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yangu. La pili sikuliona, nililisikia tu.

Kipindi cha pili kinaanza, ndio unatokea unahema, simu mkononi. "Kocha, si ndio kwanza saa kumi?" Simu yako ilikuwa imeshika mtandao wa Nakonde, upande wa Zambia, ikakurudisha nyuma saa nzima. Uwanja ulicheka, kocha hakucheka. Ukaingia, ukapangua penalti, mimi nikarudi mbele nikatupia matatu. Tatu kwa mbili! Kombe nililibeba begani mpaka karibu na geti la mpaka, madereva wa malori wanatupigia honi.

Maneno yaliyofuata uliyasikia, hata kwa kocha. "Kipa alihongwa achelewe. Mtu mzima wa Tunduma anasahauje saa ya Zambia?" Hukujitetea. Tulipokuwa tunakula wali wa ubingwa uliniangalia mara moja tu, mimi nikaangalia nyama. Wiki iliyofuata ukaondoka.

Sasa wasome wote: aliyemtuma Yona Nakonde siku ya fainali ni mimi. Viatu vyangu vya njumu vilikuwa kwa fundi kule ng'ambo, nikaona uvivu, nikamwambia kaka avifuate, muda upo tele. Alikaa pale anangoja gundi ikauke, anatazama simu, kwa ajili ya miguu yangu. Yale mabao matatu niliyafunga na viatu alivyokuja navyo kwapani. Nilinyamaza kwa sababu kuitwa shujaa ni kutamu, kaka. Nilikosea sana. Nisamehe.

Juzi nilimwambia kocha mbele ya timu nzima. Unahodha amenivua pale pale, na mwezi mzima nafua jezi za watu kumi na wanane. Unadhani ni mchezo? Soksi za beki wetu wa kushoto zinasimama zenyewe. Halafu kocha akasema jezi namba moja hampi mtu mpaka Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwanza. "Mwambie Yona namsubiri. Na mwambie hata mimi niliropoka."

Basi njoo, kaka. Namba moja yako nimeifua kwa mikono yangu, ipo kwenye kamba. Tatizo niliiloweka pamoja na bukta nyekundu, imekuwa ya waridi. Vaa hivyo hivyo. Washambuliaji watacheka, na wakicheka wewe unadaka.

Ni mimi mdogo wako, dobi wa mabingwa,
Edo