Benchi la Kando ya Pazia

Mpendwa mdogo wangu Zawadi,

Ng'ambo ya ziwa ni kubwa na hukuniachia anwani, kwa hiyo naandika wazi, asomaye asome. Kikundi cha maigizo kimekuja tena Mwanga. Gari la matangazo lilipopita dukani, niligeuka kwenye cherehani yangu kukuuliza kama umesikia. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Ulipokuja kupanga chumba changu cha uani, miaka ile watu walipokuwa wakishuka kwenye maboti na vifurushi, ulikuwa na jambo moja tu: kumtafuta mama yako. Mlipotezana ufukweni kwenu, yeye akasukumiwa ndani ya boti moja, wewe jingine. Ulishauliza makambini, sokoni na makanisani. Mimi ndiye niliyesema kwamba wachekeshaji wakija, hata mkimbizi mwenye kibali cha kutoka kambini siku moja tu atajitokeza, twende tukatazame watu. Ukanijibu kwamba huna hela ya kucheka.

Basi tukaanza kusaka tiketi. Viti vya mbele vilikuwa vya maofisa, na bei yake, mama wee, ungekula dagaa mwezi mzima. Tukagundua kwamba onyesho la mchana kiingilio chake ni nusu. Hata hiyo nusu ilitushinda. Nami, unanijua kwa kiherehere, nikazunguka nyuma ya ukumbi nikamshonea mchekeshaji wao suruali iliyopasuka, nikakataa fedha, nikataka nafasi mbili. Muuza tiketi akatupa benchi la kando ya pazia, lile lililomdodea kila siku, kwa sababu ukikaa pale unamwona mchezaji sikio na kisogo tu. Alidhani ametupunja. Hakujua kwamba benchi lile lilitazamana na ukumbi wote.

Tangu hapo, kila kikundi kikija, tulikaa pale. Watu wakicheka, wewe ulipitia nyuso safu kwa safu kama anayechambua mchele. Njiani kurudi nilikusimulia mchezo ambao hukuutazama, nikautia chumvi mpaka ukacheka. Nilizipenda sana safari zile za kurudi nyumbani.

Kisha ukaja mchana ule. Ulinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Mama yako alikuwa amekaa karibu na mlango, kajifunga kitenge cha njano, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Dada, mama iko nacheka," ulisema, kwa Kiswahili cha kwenu.

Ulirudia tena, kama unayemshtaki. Muda wote ule ulimwaza analia, au amekufa, na hukuwa umejiandaa kumkuta anafurahi. Ukabaki umeganda. Ni mimi niliyekusukuma mgongoni nikakwambia nenda. Ukakatiza katikati ya wachezaji, na ukumbi ukadhani ni sehemu ya igizo, ukakupigia makofi.

Mlikaa kwangu kidogo, wewe na yeye, na kwenu kulipotulia mkapanda boti. Sikulaumu hata chembe, kwao mtu ni kwao. Lakini niliporudi kutoka bandarini nilipika wali wa watu watatu, nikaula peke yangu siku mbili.

Siku hizi nina mafundi wawili chini yangu, hela ya tiketi hainisumbui. Jumamosi nilikata tiketi ya kiti cha mbele, kile cha maofisa, chenye mto. Nilimwona mchekeshaji uso kwa uso, mpaka jasho lake. Nyuma yangu watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka, halafu nikatafuta bega la kuegemea, sikuliona. Mchezo ukiendelea nikageuka, nikapitisha macho safu zote, mpaka mama mmoja wa nyuma yangu akaniuliza kwa upole nimempoteza nani.

Nikamwambia sijampoteza mtu. Nilitaka tu kuona kama yupo anayenitafuta mimi.

Mpe mama shikamoo yangu. Ukae salama, mdogo wangu.

Ni mimi,
Dada yako wa Mwanga