DVD ya Mama Mkwe Imeenda na Chuma Mzee

Jumatano. Mawingu imekaa juu ya Subukia tangu asubuhi na haitaki kunyesha. Ni kama mimi.

Nyinyi husoma hapa mnanijua. Shule ilinipita kama lori haina breki, lakini hakuna mashine imewahi nishinda. Pale Mai Mahiu nilifungua gearbox na kijiko, na dereva akarudi akapata chai yake bado moto. Ukikataa, uliza huyo dereva. Alikufa.

Sasa sikieni.

Jumamosi familia ya bibi yangu, Mama Wanjiru, wanakuja kukumbuka mama yao, mwaka mmoja tangu tumzike. Kuna DVD moja tu, ya siku binti yetu Wanjiru aliletewa mahari, na hapo ndani mama mkwe anaimba akicheza na mkongojo wake. Sauti yake haiko mahali pengine. Kila Jumapili Mama Wanjiru akitoka kanisa huiweka kwa laptop, hata kabla atoe viatu.

Nikasema niihamishe kwa hard disk, isije ikakwaruzwa. Nikaiingiza. Laptop ikasema imejaa.

Nikaenda Nakuru, nikanunua hard disk ya pili na fremu yake, ile ya kukaa mahali pa DVD drive. Fundi akaniambia, "Mzee, fungua hiyo drive kwanza, utoe uso wake wa mbele uhamishe kwa hii fremu, ndio isiache shimo."

"Boss, wewe ulizaliwa nikiwa nimeshachoka na spana," nikamwambia.

Nyumbani nikatoa skrubu moja, nikavuta drive nzima, nikasukuma fremu. Shimo nikaziba na selotepu. Laptop ikawaka, ikaonyesha disk mbili. Nikajiita injinia mbele ya kuku. Ile drive ya zamani nikarushia mtu wa chuma mzee, hawa hukusanya vyuma chakavu, akipita na mkokoteni.

DVD ilikuwa bado ndani yake.

Ningefungua drive vile fundi aliniambia, ingetoka yenyewe inisalimie.

Leo nimemfuata huyo wa chuma mpaka kwa yadi. Akajikuna shingo. "Mzee, hizo tunapiga nyundo, plastiki tunachoma. Hiyo iliisha jana."

"Na hukuona kitu inang'aa?"

"Hapa kila kitu inang'aa, babu. Hata hicho kichwa chako."

Nikacheka. Sijui mbona nilicheka.

Nimerudi nikapata Mama Wanjiru anafua vitambaa vya viti. "Baba Wanjiru, umeshamweka mama?"

"Mashine iko sawa kabisa," nikasema.

Ukweli, mashine iko sawa.

"Basi nimeambia dada zangu tutaimba na yeye."

Yeye hasomi hapa, ndio naandika. Kwa kichwa nimeshatengeneza hadithi tatu: stima ilipotea, wezi walikuja, panya alikula. Ya panya ni tamu sana, ningewapa siku ingine. Lakini nikijaribu kuiweka mbele ya macho yake, inakufa.

Hard disk mpya nimeifungua tena. Haina kitu hata moja.

Sasa ako jikoni anachambua mchele, na anaimba ule wimbo wa mama yake, polepole, na hajui nasikia. Nitaingia nimwambie bila hadithi.

Wacha tu amalize wimbo.