Jibu la Swali la Kumi na Nne

Kimulot, 9 Juni 1996

Ndugu yangu Kipruto,

Kitabu ulichonitumia cha kujiandalia mtihani wa chuo huko Marekani kilifika. Huku mvua ni nzuri na ng'ombe amezaa.

Swali la kumi na nne nilikosa. Watu wawili wenye kasi sawa wanavuna shamba kwa siku sita; mmoja akiondoka kabla ya kuanza, mwenzake atamaliza kwa siku ngapi? Nilifikiria shamba letu la chai, nikaandika hatamaliza: akifika mwisho, mwanzo umeshachipua tena. Kitabu kinasema siku kumi na mbili.

Nilimwambia Mama tukichuma. Tangu tumzike Baba tumebaki wawili tu huku. Alimaliza mstari wake, kisha akasema, "Wewe andika kumi na mbili. Ukiandika ukweli hawatakuchukua."

Dada yako,
Chelimo